Misalaba ya Shaba ya Wankambo Wetu: Inatoka Wapi, na ni ya Zamani Gani?



Sisi wakatekista, katika safari zetu za mafundisho, tunaonyeshwa mara na mara misalaba ya shaba iliyotokea udongoni wakati wa kulima. Wengine husema ililetwa na wamisionari wa kwanza. Wengine, na Waportugali. Jubilei ni saa ya kukumbuka, na ukumbusho wapaswa kuwa wa kweli.

Misalaba hiyo ni kazi ya mikono ya wankambo wetu. Shaba yake ilichimbwa kusini mwa Katanga. Wafua shaba waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, katika tanuru za udongo wa kichuguu, kisha wakaimimina ndani ya kalibu.

Umri wake ulijulikana kwa njia gani? Shaba yenyewe haisemi miaka yake. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walifukua makaburi ya kale: Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret mwaka 1974. Waliandika kila kitu pahali kilipolala: mifupa, vyungu, shaba. Makaa na mifupa hupimwa kwa njia ya kaboni, na umri wake hufunua umri wa vitu vilivyolala pamoja navyo.

Hivyo ikaonekana kwamba misalaba mikubwa, iliyolazwa kifuani pa marehemu, ni ya karne ya 14 hivi. Baadaye ikawa midogo, mingi na yenye kufanana, imewekwa karibu na mikono au kiuno. Hiyo ndiyo iliyokuwa franga ya siku zile.

Basi, tuhesabu. Waportugali walifika kwenye mlango wa mto Kongo baada ya mwaka 1480. Mmisionari Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya mwaka 1886. Misalaba mikubwa ilikwisha kuwako. Si alama ya mateso ya Bwana wetu. Ni ushuhuda wa akili ambayo Mungu aliwajalia wazee wetu.

Kwa hiyo tunawasihi: anayeuokota msalaba asiuyeyushe wala asimwuzie mchuuzi apitaye. Ukiondolewa kaburini pasipo kuandikwa, umetengwa na mashahidi wake, yaani chungu, mfupa na kaa. Auache pahali pake, aweke alama, awaarifu wazee wa kijiji na padri. Wajukuu wetu nao wanayo haki ya kujua walikotoka.