Fouga ya Katanga: Ndege ya Mafunzo Iliyoingia Vitani

Ndege ya mafunzo ya kijeshi inayotumia injini ya jeti huundwa ili mwalimu na mwanafunzi waruke pamoja, na kwa sababu hiyo alama yake ya kwanza kwa anayeitazama kwa nje ni viti viwili, ama kimoja nyuma ya kingine ama vyote ubavu kwa ubavu. Alama nyingine hutegemea kazi ambayo jeshi limeipangia ndege hiyo, kwa kuwa bawa lile lile lililotoka kiwandani likiwa tupu linaweza kufungwa viangikio, yaani mikono ya chuma ya kuning'inizia mabomu, roketi au matangi ya ziada ya mafuta. Kuzitambua nyongeza hizo ni elimu yenye uzito, kwa maana jina la ndege humweleza mtu ilibuniwa kwa ajili ya nini, ilhali vitu vilivyofungwa nje yake humweleza ilitumwa kufanya nini siku ile.

Familia nyingi za Unguja zenye jamaa Oman zina sababu ya kulijua jambo hili, kwa kuwa vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, vilipiganwa kwa sehemu kubwa kwa msaada wa ndege ya namna hiyo. Strikemaster ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, ilitokana na Jet Provost, ndege ambayo marubani wa Uingereza walijifunzia kazi yao, na kwa mtazamaji wa mbali mbili hizo ni pacha. Aliyekaribia huona tofauti: viangikio vinane chini ya mabawa, na midomo ya bunduki mbili za rashasha za milimita 7.62 chini ya matundu ya kuvutia hewa. Ndege hizo, zikiruka kutoka Salalah, ndizo zilizowasaidia walinzi wa mji wa Mirbat huko Dhofar tarehe 19 Julai 1972, na Kenya nayo ilikuwa imepokea sita za aina hiyo mwaka 1971.

Hata hivyo, umbo la nje linaweza kumpotosha mwenye haraka. Ndege ya Hawk, ambayo Kenya ilinunua 12, huweza kufungwa tumboni kasha refu lililochongoka lenye mzinga wa milimita 30, lakini kikosi cha maonyesho cha Uingereza kiitwacho Red Arrows hufunga mahali pale pale kasha linalofanana nalo, ambalo ndani yake mna dizeli na rangi za kutolea moshi angani. Mtaalamu hasimamii umbo la kasha peke yake. Hutafuta tundu la mdomo wa mzinga, na nyuma ya ndege hutafuta mirija inayopeleka dizeli kwenye moto wa injini.

Mfano mzito kuliko yote wa ndege ya mafunzo kuingia vitani ni wa Katanga, jimbo la watu wanaozungumza Kiswahili, lililojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Mwezi Februari 1961 Katanga ilipokea kutoka Ufaransa ndege tatu za Fouga Magister, ambazo hutambulika upesi kwa mkia wenye umbo la herufi V, mabawa marefu yenye matangi ya mafuta kwenye ncha, na injini mbili ndogo zilizobanwa ubavuni. Magister ilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, lakini puani ilikuwa na nafasi ya bunduki mbili za rashasha, na chini ya mabawa iliweza kuning'inizwa roketi au mabomu madogo. Moja ilianguka, nyingine ilitwaliwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na ikabaki moja huko Kolwezi, yenye namba 93.

Ndege hiyo moja ilitosha. Mapigano kati ya majeshi hayo na Katanga yalipozuka tarehe 13 Septemba 1961, Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita nchini Kongo, na chombo cha kufundishia kikawa mtawala wa anga: kiliwashambulia askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, na kikaziharibu ndege za uchukuzi za Umoja huo zikiwa chini viwanjani.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, ndege ya DC-6 iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, kwenda kuonana na Tshombe ilianguka karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Watu wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha, mmoja wao akiwa ameishi siku chache hospitalini. Wachoma makaa wa vijiji vya jirani walieleza kwamba waliona ndege ya pili, ndogo zaidi, na wengine waliona moto kabla ya ile kubwa kugusa miti. Uchunguzi wa serikali ya Rhodesia ulizipuuza kauli zao na kuamua kwamba rubani alikosea, na huo ulikuwa udhalimu, kwa sababu watu hao walikuwa macho porini usiku ule, ilhali waliowahukumu hawakuwapo. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikuthibitisha shambulio, wala haikuuondoa uwezekano wake.

Jukumu la kuyapima upya hayo yote lilimwangukia Mtanzania, Mohamed Chande Othman, ambaye mwaka 2015, akiwa Jaji Mkuu, aliongoza jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 2017 akaendelea na kazi hiyo peke yake. Jopo lake liliyapa maelezo ya mashahidi hao uzito wa wastani. Swali la ndege nalo lilirudi mezani: kutoka Kolwezi hadi Ndola ni takriban kilomita 430, na Magister haikuwa na rada ya kumtafuta adui gizani, lakini masafa yake yalitegemea mafuta iliyobeba na kiwanja ilichorukia. Ripoti zake zilizichunguza pia Dornier Do 28, ndege ndogo za kiraia zenye injini mbili za pangaboi, ambazo Katanga ilizigeuza kuwa za kudondosha mabomu.

Mwaka 2017 Jaji Othman aliandika kwamba inaingia akilini kuwa shambulio au tishio kutoka nje lingeweza kuwa chanzo cha ajali hiyo, na katika ripoti zilizofuata akaeleza kwamba ni karibu hakika kuwa taarifa muhimu bado zimefungiwa katika nyaraka za mataifa wanachama, akizitaja Uingereza, Marekani na Afrika Kusini kuwa hazijatoa ushirikiano kamili. Kinachosubiriwa kutoka kwao ni mazungumzo ya redio yaliyonaswa usiku ule, pamoja na taarifa za kijasusi kuhusu ndege za Katanga, marubani wake na silaha walizozifunga.