Kimya cha Watu wa Shaba



Tangu Kanuni ya Madini iliporekebishwa mwezi Machi 2018, sheria inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au utawala wa kichifu ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tulipoeleza jambo hili hapa Dilala, katika mafundisho ya baada ya Misa, tuliuliza ni nani amewahi kwenda komini kuulizia ile sehemu ya 15. Hakuna mkono ulioinuka. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wakubwa." Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana neno hilo tulilisikia kwa baba zetu, na tunajua walikolitoa.

Walilitoa kambini. Kompani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule kwa watoto wake. Alichodaiwa ni jasho na utii. Wamisionari ndio walioendesha shule hizo, na inatupasa kukiri kwamba ndani yake utii ulifundishwa kwa bidii kuliko haki. Kisha likaja somo la pili. Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi weusi waligoma Jadotville na Élisabethville, ndiyo Likasi na Lubumbashi za leo, wakidai mshahara unaotosha. Huko Élisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi, na msemaji wao, Léonard Mpoyi, akafa pamoja na wengine wengi. Mzee aliyekula posho ya kompani na kusikia habari za uwanja ule hakuhitaji kufundishwa tena kunyamaza. Akawarithisha watoto wake kimya hicho pamoja na nyumba ya kambi.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitwaa kompani, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Tulifurahi, lakini bwana alibadilika jina tu. Tulikuwa tukisema Gécamines ni baba na ni mama, na mtoto hamwulizi babaye fedha ziko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Yetu ilikuwa na daftari, ila hatukulifungua. Mwaka 1982 Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyetumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa katika Benki ya Zaire, aliandika wazi kwamba rushwa ya wakuu wa nchi ilikuwa imekula kila kitu. Hapa Kolwezi tuliendelea kupanga foleni ya posho. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Mishahara ilikatika. Kila mtu akashika "Artikle 15", yaani jitafutie mwenyewe, na matabishi yakawa salamu ya kila ofisi.

Watu hudhani kwamba anayenyamaza hamdhuru mtu. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1993 hatuwezi kusema hivyo. Njaa ilikuwa kubwa na hasira ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyethubutu kuielekeza kwa waliokula fedha za shaba. Wanasiasa wakatuonyesha mwingine wa kumlaumu: jirani mwenye asili ya Kasai. Tulisali naye katika jumuiya moja, baba yake aliingia mgodini pamoja na baba zetu. Maelfu walifukuzwa katika nyumba zao hapa Kolwezi wakalala kituoni wakingoja treni, na wako waliokufa njiani. Wengi wetu hatukumpiga mtu. Tulifunga madirisha. Baadhi yetu, ni aibu kulisema, tulihamia katika nyumba zilizobaki wazi.

Tena hatuwezi kujitetea kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwaka mmoja tu kabla, Jumapili ya tarehe 16 Februari 1992, Wakristo walei wa Kinshasa waliandamana wakiwa na rozari na matawi, wakidai Kongamano Kuu la Taifa lililofungwa lifunguliwe tena. Waliuawa wengi, na mwezi Aprili kongamano likafunguliwa. Desemba 2017 walei walirudi barabarani kudai uchaguzi, na tena damu ikamwagika. Hatuamini kwamba watu hao walikuwa na mioyo migumu kuliko yetu. Walikuwa wamekaa pamoja kwanza, wakapanga, wakajua wanadai kitu gani hasa.

Hata leo habari za mali yetu hututoka mbali. Mwaka 2017 kituo cha Carter Center cha Marekani kilieleza kwamba dola milioni 750 za mapato ya Gécamines, za miaka ya 2011 hadi 2014, hazikuonekana zilikokwenda. Mwaka 2022 kompani ya Glencore, yenye migodi hapa Kolwezi, ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilitoa rushwa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwamo, na mwezi Desemba ikakubali kuilipa Kongo dola milioni 180. Sisi tunaoishi juu ya shaba hiyo tuliyasikia hayo redioni, kama habari za Ulaya.

Lakini ofisi ya komini haiko Kinshasa wala Marekani. Kutoka parokiani mtu hufika kwa miguu. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza, tulipiga kura kuchagua washauri wa komini. Wana majina, na wengine wao husali nasi. Swali la kuwapelekea linaenea katika nusu ya karatasi: mwaka uliopita Dilala ilipokea kiasi gani cha mrabaha, na kimejenga nini, katika mtaa upi? Karatasi ikiandikwa, itiwe sahihi na watu wengi, asibaki mmoja peke yake.