Kikamuanyongo, Wala Si Kitoanyongo

Rasimu ya istilahi za tiba asili iliyonifikia inaziita dawa zinazoufanya mfuko wa nyongo ujiminye “vitoanyongo”. Msomaji atafikiria nini, kama si mpishi anayepasua kuku? Mwenzangu mmoja mwenye shahada nyingi naye kapendekeza “kishushasafura”. Ni kweli safura ni Kiarabu, safra, ile nyongo ya manjano ya matabibu wa kale, kutoka asfar, rangi ya manjano. Lakini kwetu safura imeshahamia kwenye minyoo na upungufu wa damu. Mgonjwa atadhani kapewa dawa ya minyoo.

Wazungu walichukua Kigiriki: khole, nyongo, na agogos, chenye kuongoza, neno lile lile lililomwongoza mtoto shuleni likazaa jina la mwalimu katika lugha zao. Hatulazimiki kuongoza nyongo kama mbuzi. Tunalo neno kamua, na kwalo napendekeza kikamuanyongo. Mzizi wake ni “kama”, ambao Wanyamwezi wanautumia hadi leo kwa maziwa. Ukiongezwa -u-, kama katika fungua, kilichobanwa kinaachiwa. Warina asali wa Tabora wanakamua masega, na mfuko wa nyongo hufanya hivyo hivyo: mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, homoni ya kolesistokinini huubana, nyongo ikamwagika. Kurkumini, kiini cha manjano ya jikoni, nayo huubana. Watafiti wa Indonesia walionyesha hivyo mwaka 1999 kwa miligramu 20 tu.

Kamati iliyoandika rasimu imechanganya pia dawa hizi na zile zinazolifanya ini litengeneze nyongo zaidi. Hizo ni vizalishanyongo. Ini ndilo linalozalisha, kiasi cha lita moja au pungufu kwa siku. Mfuko hauzalishi, unahifadhi. Hata muuza magome ya mlundalunda pale stesheni ya Igalula aliniuliza, “Mzee, nyongo imekupanda?” Alitaka kuishusha, hakutaka kuitoa. Sidai kwamba gome lake linakamua chochote, ila Kiswahili chake kimewapita walioketi mezani.

Matumizi: mwenye mawe yaliyoziba mrija wa nyongo asipewe kikamuanyongo, manjano ya vidonge yakiwemo.

Barua yangu kwa kamati haijajibiwa. Wakiamua kujibu, neno liandikwe pamoja, bila kistari, na wingi wake ni vikamuanyongo.