Kifaa kimoja, michezo mingi: ahadi na mipaka yake

Mchezaji anaponunua upanga, vazi au gari ndani ya mchezo wa kompyuta, kwa kawaida hununua ruhusa ya kukitumia kitu hicho katika mchezo huo pekee. Akihamia mchezo mwingine, huanza upya mikono mitupu. Zipo kampuni ambazo kwa miaka kadhaa zimekuwa zikiahidi kuuvunja utaratibu huo, ili kifaa kimoja kitumike katika ulimwengu pepe zaidi ya mmoja.

Miongoni mwazo ni Enjin. Mmoja wa waasisi wake, Witek Radomski, alishiriki kuandika kanuni ya ERC-1155 mwaka 2018. Kanuni hiyo huwezesha vifaa vya aina nyingi kuandikishwa kwa pamoja katika Ethereum, daftari la umma linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani bila ya kuwa mali ya kampuni moja. Alama ya umiliki iliyomo humo huitwa tokeni, na mwenye nayo anaweza kuiuza au kumpa mwingine.

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya biashara hulipitia juu juu. Tokeni huthibitisha nani mwenye kifaa. Mwendo wa kifaa hicho na nguvu zake havimo ndani yake. Upanga hauna kazi katika mchezo wa mbio za magari mpaka watengenezaji wa mchezo huo wauchore, waupangie matumizi na kuhakikisha kwamba haumpi mwenye fedha ushindi wa bure. Hakuna anayewalazimisha kufanya hivyo, na faida ya kumhudumia mteja aliyelipa kwingine ni ndogo.

Wanunuzi wa magari ya F1 Delta Time, mchezo wa kampuni ya Animoca Brands ya Hong Kong, waliyaona hayo kwa macho yao. Mei 2019 gari moja la mchezo huo liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Leseni ya kutumia jina la Formula 1 haikuongezwa muda, na Machi 2022 mchezo ukafungwa. Tokeni zilisalia katika daftari, ila uwanja wa kuyaendeshea magari haukuwapo tena. Wamiliki walipewa fidia ya vifaa vya michezo mingine, inayohusiana na kampuni ile ile.

Mafanikio ya kweli, japo hayavumi sana, yamepatikana katika umbo. Muundo wa faili uitwao glTF, uliobuniwa na Khronos Group, ulitambuliwa mwaka 2022 kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Juu ya msingi wake Wajapani walikuwa wamekwisha kujenga VRM, mwaka 2018, ambao humwezesha mtu kuingia na sura ile ile katika programu mbalimbali zinazoukubali. Sura huhamishika kwa wepesi kuliko upanga, kwa kuwa haibadilishi matokeo ya mchezo.