Mafunzo ya kijeshi kutoka nje: Nani huwajibika raia anapoteswa?

Mji wa Molo, ulio magharibi mwa Nakuru, unafahamika sana kwa viazi na pareto. Jina lake, hata hivyo, limeandikwa pia katika historia ya machafuko ya Bonde la Ufa. Ghasia zilizuka huko mnamo 1992, na Septemba 1993 serikali ikatangaza Molo, Londiani na Burnt Forest kuwa maeneo maalumu ya usalama ambamo watu wa nje, wakiwemo wanahabari, walizuiwa kuingia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Molo na jirani yake Kuresoi zilikumbwa tena na mauaji na uchomaji wa nyumba. Kwa jumla, Tume ya Waki iliorodhesha vifo 1,133 kote nchini.

Januari 2008, polisi waliposhindwa kutuliza hali, wanajeshi walipelekwa Nakuru. Wakazi wengi waliokuwa wamepoteza imani na polisi waliwapokea kwa matumaini. Miezi miwili baadaye, jeshi hilo hilo likawa linalalamikiwa kwa kuwatesa raia katika Mlima Elgon. Matukio hayo mawili ndiyo yaliyozua swali linaloulizwa mpaka leo: nchi ya kigeni inapowafunza wanajeshi wa nchi nyingine, je, inabeba sehemu ya lawama wanajeshi hao wanapovunja haki za binadamu?

Operesheni Okoa Maisha

Mgogoro wa Mlima Elgon ulitokana na ugavi wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk. Kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF) lilichukua silaha, likaua mamia ya watu, likawatoza wakulima kodi na kuwakata masikio waliolipinga. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, aliuawa mwezi Mei mwaka huo.

Kundi hilo lilivunjwa, lakini kwa gharama kubwa. Zaidi ya wanaume 3,000 walikamatwa, na wengi wao wakapelekwa katika kambi ya jeshi ya Kapkota ili kuchujwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR), shirika la kitabibu na kisheria la IMLU na shirika la Human Rights Watch, yote yalikusanya ushahidi wa watu waliopigwa vibaya, waliofia mikononi mwa wanajeshi na wengine waliochukuliwa na kutoonekana tena. Serikali na jeshi walikanusha madai hayo.

Miongoni mwa vikosi vilivyotajwa katika ripoti za wakati huo ni Kikosi cha 20 cha Miamvuli, ambacho ngome yake iko Gilgil, katika eneo lile lile la Nakuru, na ambacho kilikuwa kimepokea mafunzo ya Waingereza. Kwa sababu hiyo, watetezi wa haki walizitaka Uingereza na Marekani zisimamishe misaada kwa vikosi vilivyohusika hadi uchunguzi ufanyike. Februari 2009, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Philip Alston, alizuru Kenya na kulikosoa jeshi kwa mateso na mauaji ya Mlima Elgon.

Sheria za nchi zinazofunza

Marekani ina sheria iitwayo Leahy, kwa jina la seneta Patrick Leahy aliyeianzisha mwaka 1997. Sheria hiyo inakataza msaada kwa kikosi cha nchi ya kigeni pakiwa na taarifa za kuaminika kwamba kikosi hicho kimefanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Msaada unaweza kurejeshwa iwapo serikali husika inachukua hatua za kuwafikisha wahalifu mbele ya sheria. Uingereza nayo ilitoa mwongozo mwaka 2011 unaowataka maafisa wake kupima athari za kila msaada wa usalama kwa haki za binadamu kabla ya kuutoa.

Udhaifu wa taratibu hizi ni kwamba zinategemea taarifa. Pasipo uchunguzi wa kweli nchini, askari mmoja mmoja hawatambuliwi, kikosi hakiwekewi alama, na mafunzo huendelea kama kawaida. Wanaounga mkono mafunzo hayo husema kuwa askari aliyefundishwa sheria za vita ni bora kuliko asiyefundishwa. Wanaoyapinga hujibu kuwa somo la darasani halina uzito iwapo anayelivunja haadhibiwi.

Suala hili lina upande wa pili pia, kwani Waingereza wenyewe hufanya mazoezi katika ardhi ya Kenya, kituo chao kikiwa Nanyuki. Mnamo 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa wafugaji 228 wa Kimaasai na Kisamburu pauni milioni 4.5 kwa majeraha na vifo vilivyosababishwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi. Kifo cha Agnes Wanjiru, mama wa miaka 21 aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012, kilichukua miaka mingi kabla ya mahakama ya Kenya kutoa hati ya kumkamata aliyekuwa mwanajeshi wa Uingereza mwaka 2025.

Haki iliyochelewa

Kwa familia za Mlima Elgon, mlango wa mahakama umekuwa mgumu kufunguka. IMLU ilipeleka kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ilikubali kuisikiliza, lakini Machi 2012 kitengo chake cha rufaa kikaitupa kwa kuwa muda wa miezi miwili unaoruhusiwa na Mkataba wa Jumuiya ulikuwa umepita.

Katiba ya 2010 imebadilisha mengi. Ibara ya 25 inasema kuwa uhuru wa kutoteswa hauwezi kuwekewa mipaka. Ibara ya 241 inataka idhini ya Bunge la Taifa kabla ya jeshi kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 ikafanya mateso kuwa kosa la jinai linalojitegemea.

Sheria hizo zina maana kubwa kwa maeneo kama Molo, ambako wakazi wanajua kuwa siku moja huenda wakawahitaji wanajeshi tena. Mwanakijiji hana njia ya kujua askari aliye mlangoni pake alifunzwa na nani. Ana haki, hata hivyo, ya kujua ni mahakama ipi itakayomsikiliza iwapo askari huyo atamdhulumu, na swali hilo linazihusu Nairobi, London na Washington kwa pamoja.