Mavi ya chuma

Kwetu Kongo tulisema kusude. Hapa Kakuma nimekuta wanasema kuchomelea. Mwanafunzi huanzia pale pale: kugonga mavi ya chuma kwa nyundo.

Mimi niliona ni uchafu tu, mpaka fundi akanieleza. Zamani walichomelea kwa kijiti kitupu. Hewa iliingia kwenye chuma kilichoyeyuka, kiungo kikawa na vitundu, kikavunjika upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Oscar Kjellberg wa Uswidi, aliyekuwa akitengeneza boila za meli, akakipaka kijiti dawa. Dawa ikiungua hutoa moshi unaozuia hewa, kisha hufunika chuma mpaka kipoe. Ndiyo hayo mavi tunayoyagonga na kuyatupa.

Fundi wangu naye alitufunika hivyo. Alijifunza kazi bila kioo cheusi, leo macho yake yanatoa machozi hata kivulini. Cheti hana, kwa hiyo kazi kubwa hapewi. Wanapewa wale aliowafundisha.

Sasa nasimamia vijana. Kabla hawajawasha mashine nawauliza: kioo kiko wapi? Halafu nawatuma wakamsalimie mzee.