Ushahidi wa Jicho na Ushahidi wa Mate

Soriasisi, maradhi yafanyayo ngozi iwe nyekundu na kupukutisha magamba meupe, haiambukizi. Hata hivyo, huko Ulaya ilichanganywa na ukoma kwa karne nyingi, na mkoma alikuwa mtu wa kutengwa. Aliyehukumu alikuwa jicho, wala hapakuwa na shahidi mwingine.

Robert Willan wa London, katika kitabu alichokitoa kwa sehemu baina ya 1798 na 1808, aliieleza soriasisi kwa uangalifu mkubwa. Lakini sura yake moja akaiachia jina la ukoma. Ni ajabu ya mtu aliyeona vema akaita vibaya! Jina hilo liliishi mpaka 1841, Ferdinand von Hebra wa Vienna alipolitenga. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norway, akakiona kijidudu cha ukoma, na ukoma ukapata shahidi wake.

Soriasisi haina kijidudu. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kuusumbua mwili wenyewe. Kwa hiyo shahidi alitafutwa katika damu, na katika karne ya 21 katika mate pia, ambayo hupatikana pasipo sindano. Wachunguzi wameona katika mate ya wagonjwa protini za uvimbe, kama interlukini-1 beta, kwa wingi kuliko katika ya wazima. Taabu ni kwamba ufizi mgonjwa hutoa protini zizo hizo, na wenye soriasisi aghalabu huugua ufizi. Basi daktari angali akiitazama ngozi, na atiapo shaka hukata kipande chake akakipima kwa hadubini.